Chatu Kwenye Chaneli ya Dini

Husna na Eliasi, haya nayaandika kwenye kurasa za mwisho za daftari la kazi, kwa sababu kurasa zimebaki na kazi imekwisha. Bosi anasema nimestaafu. Nina miaka hamsini na miwili, na habari ya kustaafu nilipewa kwa simu, saa nne asubuhi, nikiwa juu ya nguzo. Kuna watu wanaita hivyo kufungiwa mlango. Mimi nasema nimestaafu. Ni neno zuri, limevaa koti.

Nyie mmekuja wakati wa kuvuta waya wa intaneti, kebo hamkuikuta. Mnachojua ni kwamba mji mzima wa Lushoto unaniita Chatu, na wewe Eliasi uliwahi kuniuliza kama ni kwa ajili ya kula sana. Siku ile sikukujibu. Najibu leo, na waliohusika nawataja kwa majina, maana mimi wamenitaja miaka yote hii na jina lenyewe si langu. Langu ni Athumani.

Nilianza kazi nikitokea Lukozi, ambako nilikuwa napakia kabichi kwenye magari. Shule niliishia darasa la tano. Ofisi ya kebo ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la mbegu na dawa za mimea, kwa hiyo kila filamu niliyotazama maishani mwangu ina harufu ya dawa ya nyanya. Bosi, Bwana Rajabu Hoza, aliniuliza swali moja tu.

"Unaogopa kupanda juu?"

"Sijui."

"Panda tujue."

Nikapanda. Aliyekuwa chini ameshika kamba ni Fundi Yohana, mtu wa Gare, aliyejifunza ufundi misheni na kutembea na koleo mfukoni hata kanisani. Huyo ndiye mwalimu wangu, hakuna mwingine. Alinipa mkanda wa kupandia, koleo na kisu kifupi, akanikataza kuazima vya mtu. Alinifundisha kufunga mkanda kwanza na kuomba Mungu baadaye. "Mungu anakusikia hata ukiwa umefungwa," alisema.

Alinifundisha pia jambo moja ambalo mtaona baadaye kwa nini nalitaja. Waya wa kebo ukipanda mlima unachoka. Chaneli ya kwanza ina miguu ya mbuzi, inafika mpaka juu. Ya pili inafika inahema. Ya tatu na ya nne zina miguu ya bata, zinabaki bondeni. Kwa hiyo nyumba za mjini chini zilipata chaneli zote nne, na nyumba za juu kabisa mteremkoni zilipata ya kwanza tu, nyingine zote chenga. Ungeweka busta kila nguzo ingesaidia. Bwana Rajabu Hoza aliweka busta mbili, ya pili akaifunga nyumbani kwake.

Chaneli nne zenyewe, kuanzia ya kwanza, zilikuwa Dini, Kilimo, Watoto na Matangazo. Mtauliza ya filamu iko wapi. Haikuwepo. Kabla hatujasimika nguzo hata moja, ilibidi kebo ikubaliwe na kamati ya wazee wa mji, na mwenyekiti wa kamati alikuwa Mzee Mbaruku, aliyekuwa katibu kata zamani. Mzee Mbaruku alisema kebo ije, lakini chaneli ya filamu asiione, zitaharibu nyumba za watu. Bwana Rajabu akaitikia kwa kuinama. Baada ya mwezi akagundua kwamba hakuna mtu anayevuta waya mpaka sebuleni kwake ili atazame mbolea.

Ndipo ukaanza utaratibu ambao sijausikia mahali pengine popote. Chaneli ya filamu hakuna, lakini hakuna aliyesema filamu haiwezi kupita kwenye chaneli nyingine, ilimradi iwe na sababu. Filamu yenye shamba ndani yake inaingia Kilimo. Yenye mtoto inaingia Watoto. Yenye mtu anayeomba inaingia Dini. Bosi akanunua daftari hili hili, akachora mistari: filamu, chaneli, sababu. Akatafuta mtu wa kukaa chini kuzitazama na kuzitafutia sababu. Fundi Yohana akasema, "Athumani ana matako mazito, anaweza." Ndivyo nilivyoteremka kwenye nguzo nikawa mtu wa chaneli.

Niliandika kwa penseli, ili nikikosea nifute. Kumbukeni hiyo penseli.

Kazi ilikuwa nzuri, sitadanganya. Kulikuwa na filamu ya kijana anayejifunza kupigana. Anapiga watu saa nzima, lakini mwanzoni mwalimu wake anamtuma kubeba maji kwa ndoo mpaka juu ya mlima, kumwagilia kabichi. Nikaandika: Kilimo. Sababu, umwagiliaji. Tulipoirusha, simu ikalia. Mzee wa Lukozi, alikuwa kwa mwanawe hapa mjini.

"Naongea na nani?"

"Mtu wa chaneli ya kilimo. Shikamoo mzee."

"Marahaba. Huyo kijana wenu anamwagilia saa sita mchana. Ataunguza majani. Mwambieni."

"Mzee, hiyo ni filamu."

"Najua ni filamu. Kabichi ni kabichi."

Nikamwahidi kwamba ataambiwa. Wiki iliyofuata akapiga tena kuuliza kwa nini bado.

Filamu za mapenzi nazo zilipita Kilimo, kwa sababu wapenzi hawakosi kukimbizana kwenye maua. Kulikuwa na moja ya majambazi niliipeleka Watoto kwa kuwa inaanza na mtoto anakula aiskrimu. Mama mkwe wangu kutoka Mgwashi alikuwa amekuja kutusalimia siku tatu, akakaa tisa, akaitazama yote mpaka mtu wa mwisho alipopigwa risasi. Nilipoingia nyumbani akaniuliza bila kugeuza uso kutoka kwenye tivii.

"Baba Zuhura, yule mtoto alikwenda wapi?"

"Alimaliza aiskrimu akaondoka, mama."

"Alifanya la maana."

Na Dini nako hatukukosa. Kulikuwa na ya mashetani, ina padri anayeyafukuza kwa msalaba. Sababu inajionesha. Fundi Yohana aliitazama akasema tu kwamba padri ameshika msalaba kama mtu anayepaka rangi. Watu walipiga simu kushukuru. Kamati haikusema neno, na mimi nilidhani haijui. Ndivyo nilivyokuwa, na elimu yangu ya darasa la tano.

Sasa nafika kwa chatu.

Diski ililetwa na Bosi mwenyewe. Nyoka mkubwa kama bomba la maji anaishi kwenye bwawa la kuogelea la hoteli, anameza wageni mmoja mmoja. Nilikaa nayo asubuhi moja na daftari langu. Nilitafuta shamba, hakuna. Mtoto, hakuna. Mtu wa sita alipomezwa nikaandika kwa penseli: "Hapana. Watu sita, hata mmoja hakuomba dua." Nikazima. Kazi ya kukataa haihitaji kufika mwisho.

Jumapili ile ilikuwa ya akina mama. Kwaya ya akina mama wa Gare walikuwa wamerekodiwa na Fundi Yohana, kamera ya kuazima, sare mpya, wiki mbili wanangoja. Tuliwaahidi saa kumi jioni, Dini. Kanda yao nilikuwa nimeiweka kwenye deki mapema, na maandishi ya kupita chini ya kioo nimeyaandaa mwenyewe kwa herufi kubwa: KWAYA YA AKINA MAMA WA GARE INAWALETEA UJUMBE WA AMANI.

Saa tisa na nusu Bwana Rajabu Hoza akaingia.

"Toa kwaya. Weka ile ya nyoka."

"Bosi, ile niliandika hapana."

"Daftari nimelirekebisha."

"Na akina mama?"

"Wataimba saa kumi na moja. Wamengoja wiki mbili, saa moja ni kitu gani? Weka Dini."

"Dini, bosi?"

"Dini. Hujasikia habari ya fimbo ya Musa?"

Akalikunja daftari, akaliweka kwapani, akaondoka. Nami nikaweka. Hapo mtaniambia ningekataa. Nilikuwa na watoto wawili na wa tatu njiani, na anayetoa amri alikuwa ndiye mwenye nyumba niliyopanga. Kosa langu lilikuwa moja, na hilo nalikubali mbele yenu: kwa haraka ile nilisahau kuzima maandishi.

Simu ilianza kulia mtu wa pili alipomezwa, nami sikuthubutu kuipokea mpaka wa sita. Niliitambua sauti kabla hajajitaja. Mama Felista, kiongozi wa kwaya.

"Athumani."

"Naam mama. Shikamoo."

"Marahaba. Niko hapa mjini kwa dada yangu. Nina wageni thelathini na wawili sebuleni, wengine wako dirishani, chai imechemka. Naomba unioneshe mimi niko wapi hapo."

"Mama, kuna hitilafu kidogo."

"Maana maandishi yanasema ni sisi."

Nikatazama kioo. Chatu alikuwa ametokeza kwenye maji, mdomo wazi kama mlango wa stoo, na chini yake ujumbe wa amani unapita taratibu, unarudi, unapita tena. Kulikuwa na bwana mnene wa kaptula nyekundu amelala usingizi juu ya boya katikati ya bwawa. Chatu akamwinamia. Mimi nikavuta waya ukutani, na Lushoto nzima ikaona giza.

Kamati ilikaa siku tatu baadaye, palepale ofisini. Mzee Mbaruku katikati, Mchungaji kulia, Mama Felista kushoto na sare yake mpya, ameivaa makusudi. Mzee Mbaruku ndiye aliyeuliza.

"Nani aliamua nyoka aende Dini?"

Bwana Rajabu akatazama dirishani. "Anayeamua filamu iende wapi ni mtu wa chaneli."

"Athumani?"

"Mzee, niliandika hapana. Lipo kwenye daftari."

"Daftari liko wapi?"

"Bosi analo."

"Limepotea," akasema Bosi, bado yuko dirishani.

Mzee Mbaruku alinitazama muda mrefu. Nilidhani ananionea huruma. Kisha akasema nitaomba radhi kwenye chaneli ile ile, na nitarudi kwenye nguzo, mahali ambapo siwezi kuchagua kitu. Nikavalishwa kanzu ya kuazima, nikakaa mbele ya kamera, nikaomba radhi kwa Waislamu, Wakristo na wageni wa hoteli. Ikaoneshwa siku saba mfululizo, kwa sababu Bwana Rajabu aligundua watu wanaitazama. Siku ya nane mji mzima uliniita Chatu.

Mtu anaweza kucheka, hata mimi nacheka siku nyingine. Lakini Zuhura wangu aliulizwa shuleni kama nyumbani kwao wanakula sungura wazima. Mke wangu alikuwa akifika sokoni wanamsogezea ndoo na kusema apishwe, ana mtu wa kulisha. Na Mama Felista, ambaye zamani akipita ofisini lazima aniletee mahindi ya kuchoma, alianza kupita upande wa pili wa barabara. Hilo ndilo lililoniuma kuliko nguzo. Yeye hakuwa na utani. Aliamini kabisa kwamba nilikaa chini, nikachukua nyoka, nikawawekea wao.

Fundi Yohana hakuamini. Aliniambia, "Wewe huwezi kusema ndiyo kwa kitu kirefu namna ile." Nguzo ya Magamba ilipokatika nami nikiwa juu, mkanda wake ndio ulionishika, nilivunjika mguu, shingo ikabaki yangu. Alikuja hospitali na koleo mfukoni. Amekwisha kutangulia, Mungu amrehemu, na hakuwahi kuniita Chatu hata siku moja.

Kebo yenyewe iliuawa na madishi, kisha simu. Mwaka huu Bwana Rajabu alipohamisha vitu, aliniita nichukue deki mbovu kama kumbukumbu, pamoja na boksi la takataka zake. Nilifika nyumbani nikamwaga boksi. Daftari likawa chini kabisa, halijapotea kokote.

Penseli yangu ilikuwepo: "Hapana. Watu sita, hata mmoja hakuomba dua." Juu yake mstari wa kalamu ya bluu, mwandiko wa Bwana Rajabu Hoza, anayeandika kama mtu anayeidai karatasi: "Ndiyo. Dini. Fimbo ya Musa. Mzee Mbaruku ameomba, kwake juu haifiki chaneli nyingine."

Nilisoma mara nne. Kisha nikachukua fimbo yangu nikapanda mlima.

Nyumba ya Mzee Mbaruku ni ya mwisho kabisa juu, ile ambayo waya ulikuwa ukifika umechoka. Nilimkuta anaota jua, kajifunga blanketi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Chatu, umekuja kukata waya?"

"Waya ulishakatwa, mzee. Nimekuja kukusomea kitu."

Nikasoma. Akairekebisha kofia, akairekebisha tena. Kisha akahamia Kishambaa, kama wazee wetu wanavyofanya jambo likiwa zito, akaeleza kwamba siku zile kulikuwa na baridi, mkewe yuko Tanga kwa mjukuu, na watu wa chini wote wanasimulia filamu ambazo kwake ni chenga tupu.

"Nilimwambia Rajabu nataka ya mnyama. Nilidhani ni mafundisho."

"Ukaitazama, mzee?"

"Kidogo."

"Kidogo mpaka wapi?"

Kuku wawili wakapita. Kisha akaniinamia, sauti chini, kana kwamba kamati iko nyuma ya nyumba.

"Hivi, yule mnene wa kaptula nyekundu alimezwa?"

Nilikuwa nimepanda na hasira ya miaka mingi, nimeipanga njia nzima, na ikaniponyoka. Mzee aliniambia ameuliza wauza diski wote wa stendi, hakuna anayeijua. Kuna siku anamwota, yuko juu ya boya, hajamezwa wala hajaamka.

"Mzee," nikasema, "kuna siku watakuja kuniaga pale ofisini. Utaitwa kuomba dua, kama kawaida yako. Ukisimama ukawaambia watu nani aliiomba ile filamu, nitakuambia ilivyokwisha."

"Na nisiposema?"

"Ataendelea kuelea."

"Wewe mghoshi, mwanaume mzima, una roho mbaya."

"Nilifundishwa na kamati."

Siku ya kuniaga nyie mlikuwepo, lakini mlikuwa mnahangaika na soda, nadhani hamkusikia vizuri. Mzee Mbaruku alimaliza dua, watu wakaanza kushika sahani, yeye akabaki amesimama. Akasema ile filamu aliiomba yeye, Athumani aliikataa kwa maandishi, na mwenyekiti akamhukumu Athumani akijua. Alisema hivyo hivyo, "mwenyekiti", kana kwamba ni mtu mwingine, lakini kila mtu alielewa. Bwana Rajabu Hoza aliitazama pilau kama inayosomeka.

Mama Felista aliweka sahani chini. Alikuja mpaka nilipokaa, na kwa umri wake ilimchukua muda, nami nikasimama kwa mguu wangu huu ili tukutane katikati. Akanishika mkono kwa mikono miwili.

"Athumani," akasema.

Jina langu tu. Ilinitosha. Nilikuwa sijalisikia kutoka kwake tangu ile simu.

"Haya," akasema Mzee Mbaruku, bado kasimama. "Mimi upande wangu nimemaliza. Yule mnene?"

Kumbe si yeye peke yake. Watu wenye mvi waligeuza viti. Na hapa, Husna na Eliasi, ndipo nawaambia jambo ambalo sijamwambia mtu: mimi sijui. Niliishia mtu wa sita, kabla ya mnene. Nilimpandishia mzee bei ya kitu ambacho sina.

"Hakumezwa," nikasema.

"Aliamka?"

"Aliamshwa."

"Na nani?"

Mama Felista alikuwa hajauachia mkono wangu.

"Kwaya," nikasema. "Akina mama walianza kuimba pale hotelini. Mnene akaamka, chatu akarudi majini, hakuonekana tena."

Mzee Mbaruku alifikiri. Akamgeukia Mama Felista, kama anayemwuliza shahidi.

"Maandishi si yalisema tupo?" akajibu Mama Felista.

Mzee akakaa, akavuta sahani yake. "Nilijua tu," akasema, "kwamba ile ni ya dini."